Fedha za michezo shuleni zihesabiwe kwa mtoto anayecheza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi wajumbe wa kamati za shule za msingi hapa Kigoma tumekuwa tukilipitisha kikao baada ya kikao bila kulihoji, nalo ni namna fedha za elimu ya michezo zinavyopangwa, zinavyotumika na, zaidi ya yote, zisivyopitiwa upya baada ya kutumika. Siandiki kulalamikia uchache wa fedha hizo, ingawa ni chache kweli. Naandika kwa sababu hata hizo chache zilizopo hatujui zimemfikia mtoto gani, na ukimuuliza mwalimu mkuu, mzazi au ofisa wa halmashauri, kila mmoja atakuonyesha risiti, lakini hakuna atakayekuonyesha watoto.

Kwa faida ya wasomaji wasio walimu, nieleze kwanza fedha zenyewe zinatoka wapi. Tangu Januari 2016, serikali ilipoanza kutekeleza elimumsingi bila ada, shule za msingi za umma hupokea ruzuku ya uendeshaji, ambayo walimu wameizoea kwa jina la kapitesheni. Kiwango chake ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo, shilingi 4,000 hubaki ngazi ya juu kwa ajili ya vitabu, na shilingi 6,000 ndizo zinazoingia katika akaunti ya shule, tena kidogo kidogo kila mwezi. Ni hizo 6,000 zinazonunua chaki, karatasi na madaftari ya ofisi, zinazolipia mitihani ya ndani na ukarabati mdogo mdogo wa madawati na vitasa, na ni humo humo ambamo vifaa vya michezo vinatakiwa vipatikane.

Tuchukue shule yenye wanafunzi 800, ambayo kwa Manispaa ya Kigoma-Ujiji si shule ya kushangaza kwa ukubwa. Shule hiyo itapokea shilingi 4,800,000 kwa mwaka, yaani 400,000 kwa mwezi. Kamati ikikubaliana kwamba sehemu moja ya kumi iende kwenye michezo, zinapatikana shilingi 480,000 kwa mwaka, ambazo ni shilingi 600 kwa kila mtoto. Sasa unakuja msimu wa UMITASHUMTA, yaani mashindano ya michezo ya shule za msingi. Shule inachagua wanafunzi 25, inawanunulia jezi, inawapa nauli na chakula cha siku za mashindano ya kata na wilaya, na shilingi 300,000 zinakwenda. Watoto hao 25 wamepata shilingi 12,000 kila mmoja, na wenzao 775 waliobaki shuleni wanagawana 180,000, yaani shilingi 232 kwa mtoto kwa mwaka mzima. Hesabu hii ni ya mfano, nimeiandaa ili jambo lionekane, lakini mjumbe yeyote anaweza kuchukua leja ya shule yake akaweka tarakimu zake mwenyewe, na nathubutu kusema kwamba katika shule nyingi uwiano utakuwa mbaya kuliko huu, kwa sababu zile 180,000 nazo huwa zimeshahamia kwenye karatasi za mitihani kabla mwaka haujaisha.

Katika shule moja ya hapa mjini, ambayo sitaitaja kwa kuwa haina tofauti na jirani zake, nilikuwa miongoni mwa wajumbe waliokagua stoo ya vifaa mwishoni mwa muhula. Tulikuta mipira miwili ya miguu, mmoja umetoboka bladda, ringi moja ya netiboli iliyoegemezwa ukutani kwa sababu nguzo yake ililiwa na mchwa, na seti ya jezi iliyofungwa vizuri ndani ya kiroba ikisubiri mashindano ya mwakani. Katika leja, mstari wa matumizi ulisomeka "vifaa vya michezo", ukifuatiwa na kiasi cha fedha, na risiti ilikuwepo. Mkaguzi wa hesabu angeondoka ameridhika, na kwa kazi aliyotumwa angekuwa na haki ya kuridhika. Lakini tulipouliza ni madarasa gani yaliyotumia mipira ile, na mara ngapi, mwalimu wa michezo, ambaye ni kijana mwenye juhudi na asiyestahili lawama, alisema mipira hutoka stoo Ijumaa alasiri kwa ajili ya timu ya shule na hurudi jioni ile ile. Kipindi cha michezo cha darasa la nne kilikuwa kimegeuzwa cha hisabati muhula mzima, kwa sababu ya upimaji wa kitaifa. Darasa la pili walikitumia chao kufagia uwanja.

Tulipotoka nje ilikuwa saa ya mapumziko. Wasichana wa darasa la tano walikuwa wakicheza rede kwa mpira wa soksi uliojazwa vitambaa, na upande wa pili wavulana walikuwa kwenye chandimu, mpira wao ukiwa wa manailoni yaliyosokotwa na kukazwa kwa kamba. Watoto karibu mia mbili walikuwa wakikimbia kwa vifaa walivyovitengeneza wenyewe bila senti ya mtu, huku vile vilivyonunuliwa kwa fedha iliyoletwa kwa hesabu ya vichwa vyao vikiwa vimefungiwa kwa kufuli.

Hali hii ingeweza kuvumilika zamani, michezo ilipohesabiwa kuwa shughuli ya baada ya masomo. Leo haivumiliki, kwa sababu michezo ni somo. Mtaala ulioboreshwa, unaotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, ulianza kutumika Januari 2024 kwa elimu ya awali, darasa la kwanza na darasa la tatu, na umekuwa ukipanda darasa moja moja kila mwaka. Ndani yake, kuanzia darasa la tatu, lipo somo la Sanaa na Michezo, lenye vipindi katika ratiba, lenye umahiri ambao mtoto anatakiwa aufikie, na lenye mwalimu anayetakiwa kuandaa andalio la somo kama anavyoandaa la Kiswahili. Shirika la Afya Duniani nalo linapendekeza kwamba mtoto wa umri wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa angalau dakika 60 kwa siku za shughuli zinazoutumikisha mwili kwa nguvu ya wastani au kubwa. Hakuna anayesema dakika hizo zote zitoke shuleni. Mtoto wa Ujiji anayebeba maji na kwenda sokoni kwa miguu anazo nyingine zake. Lakini kipindi kilichoandikwa kwenye ratiba ni haki yake, na kipindi hicho kikiwa na watoto 100 na mpira mmoja, watoto 22 watacheza na 78 watakaa chini ya mwembe.

Naomba nisieleweke kwamba naipinga UMITASHUMTA. Umoja huo wa michezo na taaluma wa shule za msingi umewaibua wachezaji wengi, na mwaka 2022 majirani zetu wa Tabora walipokuwa wenyeji wa fainali za taifa, pamoja na za UMISSETA za wenzao wa sekondari, kulikuwa na furaha ya haki kwa mkoa wa magharibi kupokea watoto wa nchi nzima. Kinachonisumbua ni kwamba mashindano yamekuwa ndiyo mpango wenyewe wa michezo. Shule haina mpango mwingine. Bajeti inafunguliwa barua ya mashindano inapofika na inafungwa timu inapotolewa, na kwa kuwa timu nyingi hutolewa ngazi ya kata, ambalo ni jambo la lazima katika mashindano yoyote, michezo ya shule nzima huisha kabla ya likizo ya Juni. Na fedha zikipungua, mzigo huhamia kwa wazazi kwa jina la michango ya hiari. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na miezi hiyo ndiyo ya mashindano. Baba ambaye mtumbwi wake umelala mchangani atachangia nauli ya timu kutoka wapi?

Hapa nataka kutoa mfano wa nje, nikijua kwamba wapo watakaosema tusifananishwe na matajiri. England, katika Uingereza, tangu mwaka 2013, baada ya Michezo ya Olimpiki ya London ya 2012, shule za msingi zimekuwa zikipewa fedha maalumu za elimu ya viungo na michezo, nje ya bajeti yao ya kawaida. Kwa utaratibu huo, shule yenye wanafunzi 17 au zaidi wanaostahili hupata pauni 16,000 pamoja na pauni 10 kwa kila mwanafunzi, kwa hiyo shule ya watoto 250 inapata pauni 18,500. Tusipoteze muda kuzitamani pauni hizo. Kinachofaa kutazamwa ni masharti yake, ambayo hayagharimu chochote kuyaiga. Fedha hizo hazitakiwi kulipia kile ambacho shule ilikuwa inawajibika kukifanya kwa bajeti yake ya kawaida, bali zilete nyongeza, na nyongeza hiyo ibaki hata fedha zikikoma. Kila mwaka, kabla ya mwisho wa Julai, shule inatakiwa kutangaza hadharani imepokea kiasi gani, imekitumia katika nini, watoto wamenufaika vipi na manufaa hayo yataendelezwaje. Na kuna kipengele kimoja ambacho kilinifanya nisome mara mbili: shule inatakiwa kutangaza ni asilimia ngapi ya watoto wa darasa lake la mwisho wanaoweza kuogelea umbali wa mita 25, na wangapi wanaoweza kujiokoa majini. Wenzetu wanaopata hayo mafunzo kwenye mabwawa ya kukodi wanatoa hesabu ya waogeleaji, na sisi tunaolala tukisikia mawimbi hatuna hesabu hiyo.

Pendekezo langu ni dogo. Kila shule ya msingi iwe na karatasi moja, upande mmoja tu, yenye mpango wa fedha za michezo wa mwaka, na karatasi hiyo hiyo ipitiwe na kamati ya shule mwezi Juni na mwezi Desemba, kisha ibandikwe kwenye ubao wa matangazo pale pale yanapobandikwa mapato na matumizi mengine. Mapato na matumizi ya jumla tayari shule nyingi huyabandika, na ni jambo la kupongezwa. Lakini mstari unaosema "michezo, shilingi 40,000" haumwambii mzazi kitu. Mzazi anataka kujua kama binti yake wa darasa la nne amegusa mpira.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza kwenye karatasi hiyo kisiwe shilingi, kiwe vipindi. Kila darasa lilipangiwa vipindi vingapi vya michezo katika muhula, na vingapi vilifanyika kweli uwanjani? Hii ni hesabu ambayo mwalimu wa zamu au kiranja anaweza kuiweka kwa alama ya penseli kwenye ratiba, na ndiyo itakayotuambia kama kuna haja ya kununua kitu chochote. Shule ambayo vipindi vyake vyote vya michezo vinaliwa na hisabati haina tatizo la mipira, na kuinunulia mipira ni kuiongezea vitu vya kuweka stoo. Kipimo cha pili ni watoto wangapi wanacheza kwa wakati mmoja katika kipindi, maana hapo ndipo aina ya kifaa inapojulikana. Mpira mmoja mzuri wa dukani unachezwa na watoto 22. Fedha ile ile ukiipeleka kwenye kamba za katani za kuruka, matairi chakavu, chokaa ya kuchora viwanja vya rede na mipira midogo ya kushona, darasa zima linaingia mchezoni. Nyavu kuukuu za dagaa pale kwenye mwalo wa Kibirizi hutupwa au huishia kuzungushiwa bustani, na fundi yeyote wa nyavu anaweza kuzishona zikawa nyavu za magoli katika asubuhi moja. Sisemi shule zisinunue mipira ya kweli, kwa sababu mtoto anastahili kuujua mpira wa kweli unavyodunda. Nasema manunuzi yaanze na hesabu ya watoto, ndipo lije duka.

Karatasi hiyo itenganishe pia wasichana na wavulana, na hapa naomba wajumbe wenzangu wanaume wanivumilie. Katika shule zetu nyingi uwanja ni wa wavulana. Wasichana wanapata pembe yake, na kuanzia darasa la tano wengi wao wanaacha kucheza kabisa, si kwa kukosa hamu bali kwa sababu sketi ya sare haimruhusu kukimbia wala kuanguka kwa heshima, na hakuna chumba cha kubadilishia nguo. Mji wa Ujiji una wazazi wengi wenye msimamo juu ya stara ya binti, na msimamo huo una majibu rahisi: suruali pana ya michezo ivaliwe chini ya sketi, na chumba kimoja kiwekewe pazia. Fundi cherehani wa mtaani anashona suruali hizo kwa kitambaa cha jora, na shule ikiwa na 30 zinazofuliwa na kupokezana kati ya madarasa, wasichana watarudi uwanjani. Sijawahi kuliona jambo hilo kwenye bajeti ya michezo ya shule yoyote niliyoifahamu. Jezi za timu nimeziona kila mwaka. Vivyo hivyo kwa watoto wenye ulemavu, ambao huachwa darasani walinde mabegi ya wenzao. Mpira wenye njuga ndani yake kwa ajili ya mtoto asiyeona unaweza kutengenezwa kwa vizibo vya soda.

Nirudi kwenye ziwa. Ziwa Tanganyika ni la pili duniani kwa kina, na watoto wa mwambao wote, kuanzia vijiji vya kaskazini kuelekea mpaka wa Burundi hadi Uvinza kusini, wanaoga humo, wanafua humo, wanavua dagaa humo na wanasafiri humo kwa mitumbwi ya injini iliyojaa mizigo. Wengi wanajua kupiga mbizi za kitoto karibu na ufuko, na wazazi huchukulia kuwa huko ndiko kuogelea. Si hivyo. Kuelea kwa dakika kadhaa ukiwa na nguo mwilini bila kupaparika, kumrushia mwenzako dumu tupu lililofungwa kamba badala ya kumrukia na kuzama naye, kujua upepo ukigeuka usiingie na mtumbwi mdogo, hayo ni mambo ya kufundishwa, na yanaingia vizuri kabisa katika elimu ya michezo. Gharama yake ni madumu matupu, kamba ndefu, na posho ya mvuvi mzoefu anayeaminika, awe chini ya usimamizi wa mwalimu. Najua vikwazo. Mamba wapo katika baadhi ya maeneo, na kichocho kinapatikana kwenye maji ya ufukweni, hasa panapokuwa na majani na konokono, kwa hiyo mahali lazima pachaguliwe pamoja na ofisa afya wa kata na wenyeji wanaolijua ziwa, na mzazi lazima aridhie kwa maandishi. Mahali ambapo hapafai, mafunzo ya nchi kavu ya kurusha kamba na kuvaa jaketi okozi bado yanawezekana. Lakini shule ya Kigoma inayoandaa mpango wa michezo wa mwaka bila kulitaja ziwa imeandaa mpango wa shule ya Dodoma.

Kuhusu walimu nitasema kwa kifupi. Walimu waliosomea michezo kwa undani ni wachache, na hatuwezi kusubiri kila shule ipate mhitimu wa Chuo cha Ualimu Butimba au wa Chuo cha Michezo Malya. Yapo hata hivyo Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, ambapo walimu hukutana shuleni kwao kusaidiana mada ngumu. Mada moja kwa muhula iwe namna ya kuendesha kipindi cha michezo chenye watoto 100 bila vurugu. Kipindi cha namna hiyo kinahitaji mbinu kuliko vifaa, na mwalimu anayekiogopa ndiye anayekigeuza hisabati.

Kuna suala la kalenda ambalo huwachanganya wajumbe wengi, na mimi naliona kuwa chanzo kikubwa cha mipango hewa. Mwaka wa shule huanza Januari, lakini mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai mosi na kuisha 30 Juni. Makadirio ya mwaka wa fedha unaokuja huandaliwa miezi mingi kabla, yakaingizwa kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa kupangia bajeti, na kile ambacho hakikuandikwa wakati huo ni vigumu kukitafutia nafasi baadaye. Mwalimu wa michezo anayeleta mahitaji yake Machi, barua ya UMITASHUMTA ikiwa mkononi, ameshachelewa kwa bajeti ya Julai. Mapitio ya Desemba ninayoyapendekeza yana faida hiyo hasa: yanampa mwalimu mkuu tarakimu za vipindi na watoto wakati ambapo bado anaweza kuziweka kwenye makadirio. Na kwa kuwa ruzuku inaingia kwa mwezi, mpango useme ni mwezi gani kitanunuliwa nini, ili fedha ya nguzo za magoli isiliwe na mitihani ya majaribio. Taratibu za ununuzi wa umma, pamoja na mfumo wa NeST wa ununuzi kwa mtandao, ni za lazima na zina sababu zake, ingawa natamani wahusika watafute njia nyepesi ya shule kumlipa mama mshona mipira au fundi wa nyavu, ambao leo hawana mlango wa kuingilia. Hilo ni la wakubwa, nami naliacha kwao.

Najua watakuwepo watakaosema kwamba walimu wameshachoshwa na fomu, na kwamba shule yenye upungufu wa madarasa haipaswi kuulizwa habari za kamba za kuruka. Hoja ya kwanza naikubali, na ndiyo maana nasema karatasi moja, upande mmoja. Ya pili siikubali. Hakuna anayependekeza fedha za madarasa ziletwe kwenye michezo. Fedha za michezo tayari zimetengwa kwa jina hilo, watoto tayari wamehesabiwa kwa vichwa ili zije, na ninachoomba ni kwamba zikishafika, watoto hao hao waliohesabiwa wahesabiwe tena uwanjani. Nchi hii, pamoja na Kenya na Uganda, ni mwenyeji wa fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027, na kwa ajili hiyo viwanja vikubwa vinajengwa kwa fedha nyingi. Ni vizuri. Hata hivyo atakayekaa jukwaani ni mtoto huyu huyu anayekaa leo chini ya mwembe.

Kwa Maafisa Elimu Kata na Wathibiti Ubora wa Shule wa mkoa wetu ninalo ombi mahususi. Wanapotembelea shule huomba daftari la mahudhurio, maandalio ya masomo na leja ya fedha. Waombe pia ratiba ya vipindi vya michezo yenye alama za vipindi vilivyofanyika, kisha waende nayo stoo na uwanjani siku hiyo hiyo. Na kwa Ofisa Michezo wa halmashauri, barua ya mashindano inapotumwa shuleni mwakani, iambatane na swali moja linalotakiwa kujibiwa kwa tarakimu kabla shule haijaandikisha timu: wanafunzi wangapi ambao hawamo kwenye timu hiyo wamecheza wiki hii? Shule ambayo haina jibu isinyimwe kushiriki, maana watoto hawana kosa, ila mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kamati yake waitwe kulieleza jambo hilo kwenye kikao cha wazazi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mjumbe wa kamati ya shule ya msingi,
Ujiji, Kigoma